Kiraka Kisichouzwa

Jambo mama uliye jikoni unapepea moto wa makaa, jambo baba uliyeketi barazani redio ikiwa magotini, jambo kijana unayetusikiliza kwenye simu huku unatembea. Jambo Mudzipela, jambo Nyakasanza, jambo Bankoko na Sukisa, mitaa yetu ya Bunia. Na ninyi wa mbali kidogo, Komanda, Mongbwalu, Kasenyi kule kando ya ziwa, kama mawimbi yetu yanawafikia leo, karibuni, vuteni kiti.

Ni Jumapili mchana. Watu wametoka ibada, sombe iko motoni, na mimi nimekuja studio na mfuko. Hamuuoni, lakini sikilizeni kidogo. Chwaa, chwaa. Mmesikia? Huo ni mfuko wa vipande vya nguo. Jana nilipita kwa mafundi wanaoshona kwenye baraza za maduka, kandokando ya Boulevard de la Libération, nikawaomba mabaki yao. Wamenipa bure. Kuna kipande cha kitenge chekundu chenye upana wa viganja viwili, kuna utepe wa nguo ya harusi, kuna pindo la sare ya kwaya, kuna vipande vya vitenge vya siku ya wanawake, tarehe 8 Machi, vya mwaka huu na vya mwaka uliopita. Kwa fundi hii ni taka. Jioni anaifagia, nyingine inachomwa, nyingine inajazwa ndani ya mito.

Leo nataka tuzungumze juu ya taka hiyo. Tuzungumze juu ya sindano na uzi, lakini si ile sindano ya kutafutia pesa. Juu ya hiyo tumesikia sana, na ni vizuri. Leo ni zamu ya sindano ya nyumbani.

Na swali langu ni hili, ndugu msikilizaji. Ni lini mara ya mwisho uliketi na watoto wako mkashona kitu pamoja? Sisemi kumpelekea fundi kitenge. Sisemi kununua sokoni. Nasema kushona ninyi wenyewe, nyumbani, kitu cha nyumbani. Usijibu haraka. Nitarudi kwenye swali hilo.

Kwanza niwasimulie habari ya mashini moja.

Koko yangu, mama ya mama yangu, alikuwa na mashini ya mguu. Mnazijua: kichwa cheusi cha chuma, maua ya dhahabu yaliyofutika ubavuni, meza ya mbao, na chini pale kanyagio linalolia kwi-kwi-kwi. Wenzetu wa pwani wanaiita cherehani. Koko alijifunza kushona miaka ya 1950, wakati wa Wabelgiji, katika foaye, zile nyumba ambamo wanawake wa mjini walifundishwa kushona, kufuma, kupiga pasi na kutunza mtoto kwa namna ya Kizungu. Alikuwa akituambia kwamba walimfundisha kutarizi vitambaa vya meza, wakati nyumbani kwao hakukuwa na meza. Hata hivyo mikono ilishika. Mikono ikishika haiachi. Akamfundisha mama, na mama akatufundisha sisi, wasichana na wavulana, tukiwa watano.

Mwezi wa tano wa mwaka 2003, vita ilipowaka hapa Bunia, wengi wenu mnaukumbuka bila mimi kusema mengi. Siku tulipotoka mjini, baba alifungua skrubu, akang'oa kichwa cha mashini kutoka kwenye meza yake, akakifunga juu ya baiskeli kwa mipira, tukashika njia ya Komanda kuelekea Beni. Kichwa kile ni kizito, jamani. Watu njiani walimwuliza baba kwa nini habebi unga badala ya chuma. Alijibu kwamba hiki ndicho kitakachotafuta unga. Na kweli, kule Beni seremala mmoja alitutengenezea meza nyingine ya mbao za masanduku, mama akaanza kushona sare za shule, shati jeupe na suruali ya buluu, shati jeupe na sketi ya buluu, mchana na usiku. Mashini ile ilitulisha. Kwa hiyo asije mtu akafikiri kwamba nadharau kushona kwa pesa. Mimi nimekula uzi na sindano.

Lakini sikilizeni nitakachosema sasa. Katika sare zile zote sikumbuki hata moja. Ninachokumbuka ni blanketi.

Kutoka kwenye kila sare kulibaki vipande, vyeupe na vya buluu. Mama alivikusanya katika gunia. Na kila Jumapili mchana, saa kama hii, aliifunika mashini kwa kitambaa, akaleta gunia katikati ya nyumba, akagawa sindano. Mmoja akapanga rangi, mmoja akakata, mmoja akaunganisha. Koko macho yalikuwa yamekwisha kufifia, hakuweza kutunga uzi. Mdogo wetu wa mwisho, wa miaka 6, ndiye aliyemtungia, analowesha uzi kwa mate, anafumba jicho moja, anapenyeza. Macho ya mtoto na mikono ya mzee, huyo alikuwa fundi mmoja. Na huku tunashona, koko anasimulia. Alisimulia habari za nyumba tuliyoiacha, mti wa parachichi uliokuwa uani, nani alioa nani na kwa ng'ombe wangapi. Mambo ambayo hatungemwuliza tukiwa tumemkabili uso kwa uso. Macho yakiwa kwenye sindano, mdomo unafunguka wenyewe. Mmewahi kuliona jambo hilo?

Likatoka blanketi la viraka, jeupe na buluu, na tulilala wote watano chini yake. Jirani alilipenda, akaleta pesa. Tulikuwa na shida, na pesa ile ilikuwa nzuri. Mama alikataa. Akasema sare zinauzwa, hili haliuzwi.

Basi, wasikilizaji, hapo ndipo moyo wa mazungumzo yangu ulipo, na naomba niruhusiwe kurudia. Sare zinauzwa, hili haliuzwi. Nadhani katika mji wetu tumebaki na nusu ya kwanza tu ya maneno hayo.

Angalieni tunavyosema juu ya kushona siku hizi hapa Bunia. Kushona ni mradi. Kushona ni mafunzo ya miezi sita kwa wajane, kwa wasichana walioacha shule, kwa mama waliokimbia vita. Mwisho wa mafunzo kuna sherehe, kila mmoja anapewa mashini yake, picha inapigwa. Nimehudhuria sherehe za namna hiyo na nimepiga makofi kwa moyo wote. Ila kitu kimoja kilinichoma. Watoto walikuwa nje. Waliwekwa nje ya mlango miezi yote sita, wasimsumbue mama anapojifunza. Mama anatoka pale anajua kukata kola na kuweka zipu, na mtoto wake hajui hata sindano inashikwaje. Elimu imeingia nyumbani kwa mguu mmoja.

Niliwahi kuyasema haya mbele ya akina mama katika eneo la Kigonze, kule wanakoishi wakimbizi wa ndani. Mama mmoja akanikatiza. Akaniuliza kama watoto wake watakula viraka. Watu walinyamaza. Nami nilinyamaza, maana alikuwa na haki yake. Mtu aliyelala njaa usimhubirie uzuri wa kutouza. Nikamwambia hivyo, kwamba ana haki. Tukaendelea na mengine. Tulipomaliza, yeye mwenyewe akaniita nyuma ya hema lake, akanionyesha kamto kadogo, kama kiganja changu mara mbili, kameshonwa kwa vipande vya mitumba. Alimshonea binti yake kwa sababu mtoto alikuwa haoni usingizi. Binti ndiye aliyechagua vipande. Nikamwuliza bei, kwa kumjaribu. Akacheka, akakarudisha ndani.

Mnaona? Hata yeye alijua. Hakuhitaji mimi nimfundishe. Kwa hiyo simwambii mtu asiuze. Uza, mama, uza mifuko, uza magauni, uza vitambaa vya kroshe vya kuweka juu ya viti. Nasema tu, katika kila gunia la vipande, toa kipande kimoja cha nyumbani. Kiraka kisichouzwa.

Sasa nataka tutoke mjini kidogo, tuingie msituni. Tushike njia ya Komanda, tupite Mambasa, tufike Epulu. Kule, ndugu zetu Wambuti na Waefe wana nguo ambayo dunia nzima inaistaajabia, na sisi majirani tunaipita kama jani la njiani. Ni nguo ya gome la mti.

Inatengenezwaje? Mwanaume ndiye anayeingia msituni kuchagua mti, mara nyingi wa jamii ya mkuyu. Anachuna gome la ndani, analilowesha, analiweka juu ya gogo, anaanza kuligonga. Ko-ko-ko-ko. Nyundo yake ina mistari usoni. Zamani ilikuwa ya pembe ya ndovu. Anagonga polepole, maana akiharakisha litatoboka, na kadiri anavyogonga gome linapanuka, linalainika, mpaka linakuwa nguo. Kisha anamkabidhi mwanamke. Mwanamke anakamua tunda la gardenia, anachanganya maji yake na unga wa makaa, inakuwa wino mweusi. Anaketi na nguo juu ya mapaja, watoto wakiwa kando, anachora kwa kidole au kwa kijiti. Mistari, nukta, nyota, kipepeo, alama zinazofanana na njia za msituni. Anaacha nafasi tupu mahali ambapo mimi na wewe tungejaza. Halafu, bila onyo, mchoro unageuka na kuelekea kwingine.

Nimekaa sana na jambo hili. Nguo moja, mikono ya watu wawili. Nusu ya kazi ni ya baba, nusu ni ya mama, na hakuna nusu inayoweza kuitwa nguo peke yake. Nendeni mpaka Kasai, kwa Wakuba, mtakuta vivyo hivyo: mwanaume anafuma rafia, mwanamke anaitarizi mpaka inakuwa laini kama mahameli. Sketi ndefu za sherehe za kule zilishonwa na wanawake wengi wa ukoo mmoja, kila mmoja kipande chake, kisha vikaunganishwa.

Na zile nguo za magome za msitu wetu wa Ituri leo zimetundikwa ndani ya majumba ya makumbusho, Ulaya na Marekani. Watu wanalipa tiketi kwenda kuzitazama. Na sisi wa Bunia, ni wangapi tumewahi kuigusa moja? Mkono wangu mwenyewe uliigusa nikiwa mtu mzima, na niliona haya. Hilo nalisema bila kuficha.

Tupumzike kidogo, tusikilize wimbo, halafu tuendelee.

Aksanti kwa kubaki nasi. Kama umefungua redio sasa hivi, tunazungumza juu ya kushona pamoja nyumbani, na nimesema kwamba katika kila gunia la vipande kiwepo kiraka kimoja kisichouzwa.

Kuna mtu ameniuliza hapa studio, wakati wa wimbo, kama hili blanketi la viraka si jambo la Wazungu. Swali zuri. Ni kweli Wazungu wanashona sana mablanketi haya. Lakini ngoja niwapeleke mahali pawili, na mtaamua wenyewe.

Pa kwanza ni India, jimbo la Karnataka. Kule wanaishi watu wanaoitwa Wasidi. Asili yao ni Afrika. Karne nyingi zilizopita mababu zao walivushwa bahari kutoka upande wetu huu wa mashariki, wengi wakiwa watumwa, wakapitia Goa kwa Wareno, kisha wengine wakatoroka na kujificha misituni. Leo wanazungumza lugha za huko, wanavaa kama watu wa huko. Ila wanawake wao wanashona blanketi linaloitwa kawandi, na wanalishona kwa nguo zilizochakaa za nyumbani, mara nyingi kwa ajili ya mtoto au mjukuu. Hawaanzii katikati. Wanaanzia ukingoni, wanazunguka, wanazunguka tena, kwa mshono mdogo wa mkono, mpaka wanafika ndani kabisa. Na mwisho, kwenye zile pembe nne, wanabandika vipande vilivyokunjwa pembetatu, wanaviita phula, maana yake ua. Blanketi ambalo halijatiwa maua hayo, wanasema, liko uchi.

Nilipolisikia jambo hilo, nilienda nyumbani nikalitazama blanketi letu jeupe na buluu. Pembe zake hazina kitu. Nikamwambia mama. Akasema, tulikuwa na haraka ya kulala.

Pa pili ni Marekani, jimbo la Alabama, kijiji kinachoitwa Gee's Bend, kimezungukwa na mto karibu pande zote. Watu wa pale ni wajukuu wa watumwa waliolimishwa pamba. Kulikuwa na mama mmoja, Missouri Pettway. Mume wake alifariki. Mwaka 1942 akachukua nguo za kazi za marehemu, suruali na mashati yaliyopaushwa na jua la shamba, akazipasua, akazishona blanketi ili amkumbuke na ajifunike nazo. Binti yake Arlonzia alimsaidia. Miaka 60 baadaye mablanketi ya kijiji kile yalitundikwa ukutani katika jumba la makumbusho la Whitney kule New York, na watu wakasimama mbele yake kama mbele ya picha za wachoraji wakubwa. Mimi hilo la New York si la kwanza akilini mwangu. Ninamfikiria yule binti, ameketi na mama yake, shati la baba liko kati yao, mkasi uko mezani. Nani alianza kukata?

Haya. Sasa yule baba aliyeketi barazani anasema: mama, maneno ni mazuri, lakini tunaanzaje? Tuanze.

Vipande kwanza vioshwe. Hili msiliruke. Kitenge kipya kina wanga, ndiyo maana kinasimama kama karatasi, na rangi nyekundu na ile ya nili hutoka. Ukikishona bila kukiosha, siku ya kufua blanketi lako jeupe litageuka jekundu. Kilowesheni, kikaushwe, kipigwe pasi. Msichanganye kitambaa kizito cha jinzi na kitambaa chepesi cha blauzi katika blanketi moja, maana kizito kitamrarua mwenzake.

Kisha chukueni katoni, kateni mraba wa sentimita 15 kila upande. Huo ndio mfano wenu. Kila kipande kitakatwa kwa mfano huo, na kila mshono utakula sentimita moja. Ukipanga vipande 10 kwa upana na 12 kwa urefu, unapata blanketi la kumtosha mtoto kitandani. Vipande 120. Msiogope hesabu hiyo! Mtoto wa miaka 8 akiwa na sindano na uvumilivu wa kawaida anaunganisha vipande kumi mchana mmoja. Mkiwa wanne, ndani ya Jumapili tatu au nne uso wa blanketi umekwisha. Kwa mgongo tumieni shuka lililochakaa, na katikati lazeni lile blanketi kuukuu lililotoboka. Pigeni bandi kwanza, mishono mirefu ya kushikiza, zile tabaka tatu zisitembee. Ndipo mshone mshono mdogo wa kudumu, mkianza ukingoni kama Wasidi, au mkianza katikati, mnavyopenda. Kama kuna mashini ya mguu ndani ya nyumba, vizuri. Haiombi umeme, nasi tunajua umeme wetu. Kama hakuna, mkono unatosha.

Na sindano zihesabiwe. Tulikuwa na sindano saba nyumbani, zimechomekwa kwenye kipande cha sponji. Saba zinatoka, saba zinarudi. Hakuna aliyesimama kwenda kula mpaka ya saba imeonekana. Siku moja ilipotea, tukapekua sakafu yote kwa taa, kumbe imo kwenye mkono wa blauzi ya koko.

Kazi zigawanywe. Mdogo kabisa apange rangi, na mumwache apange anavyotaka. Nakuomba sana, mama, usimpangie. Akiweka njano kando ya zambarau mwache. Mzee aliye nyumbani, hata kama mikono inatetemeka, apewe kazi ya kutaja: hiki ni kitenge cha harusi ya nani, hiki ni cha kwaya gani, hiki tulikivaa kwenye matanga ya nani. Hiyo nayo ni kazi, tena kubwa kuliko ya mkasi.

Na wavulana? Hapa nataka kusimama kidogo, maana najua mnayosema kwenye nyumba zenu. Mnasema kushona ni kazi ya wasichana. Sasa hebu tokeni kesho mpite kwenye zile baraza za boulevard, muwatazame waliokaa nyuma ya mashini. Wengi wao ni akina nani? Ni wanaume. Baba wazima, wenye ndevu, wenye familia. Mwanaume akishona barabarani kwa pesa tunamwita fundi, tunampa heshima, tunambembeleza amalize kabla ya sikukuu. Mwanaume huyohuyo akiketi nyumbani na binti yake, wakishona kiraka, tunacheka. Kwa nini? Mimi sijapata jibu la kunitosheleza. Kama mtu wa msituni haogopi kutengeneza nguo pamoja na mke wake, sisi wa mjini tunaogopa nini?

Kaka yangu mkubwa, yule aliyekuwa mkataji wetu kule Beni, leo ni dereva wa malori. Anasafiri na sindano. Kifungo kikimtoka njiani anakishona mwenyewe, na amewashonea vifungo madereva wenzake wengi. Wanawe, wavulana watatu, wanajua kukunja pindo.

Nirudi sasa kwenye swali nililowaachia mwanzoni. Mara ya mwisho ni lini? Wengine mtasema, mama, muda hatuna. Naelewa. Maisha ya Bunia yanakimbiza. Lakini jioni hizi za mvua, baridi inaposhuka kwenye mji wetu huu ulio zaidi ya mita 1,200 juu ya bahari, watoto wamejikunja kila mmoja na simu yake au na ukimya wake, muda upo. Ni gunia ndilo halipo. Kesho pita kwa fundi wa karibu nawe, mwambie unaomba mabaki. Watakupa. Ila usiyapokee tu ukayaacha nyuma ya mlango. Yafungue siku hiyohiyo, mbele ya watoto, yamwage katikati ya nyumba. Utaona mikono.

Muda wetu unakaribia kwisha, fundi wa mitambo ananionyesha vidole viwili. Niwaambie tu tuko wapi sisi nyumbani.

Mama yangu bado yuko, Mungu ashukuriwe. Baba ametuacha. Kile kichwa cha mashini kiko kwenye meza yake ya tatu, na bado kinalia kwi-kwi-kwi. Tangu Pasaka tunashona blanketi jipya, mimi na mama na watoto wangu wawili. Tumefika safu ya nane katika zile kumi na mbili. Vipande vingi ni vya mfuko kama huu niliokuja nao, lakini kuna kimoja cha shati la baba, lile la mistari ya kijani alilolivaa siku ile ya baiskeli. Mama alilihifadhi miaka yote. Wiki iliyopita alilitoa, akalikata mwenyewe, hakutaka msaada.

Sasa hatujakubaliana kiraka hicho kikae wapi. Mwanangu wa kiume anasema kikae katikati kabisa, kionekane. Binti anasema pembeni, kikunjwe kiwe ua, kama maua ya Wasidi. Mama anasema hapana, kikae juu, upande wa kichwa, mahali mkono unapofika usiku unapovuta blanketi. Mimi nimesikiliza wote, sijasema kitu. Leo jioni tukishakula tutakipiga bandi, tukitazame kila mahali kabla ya kushona.

Wiki ijayo, saa hiihii, nitakuja na mama mmoja anayesuka mikeka, atatuonyesha, yaani atatusikilizisha, namna ukindi unavyoanzwa.